Ulanga wa zambarau: nitajuaje kama ni lepidoliti kweli, na niutunzeje?

Msakamawe

Ndugu zangu wapenzi wa mawe, salaam. Nina vipande vitatu mezani ambavyo vimenisumbua akili kwa majuma mawili sasa, na naomba mwenye ujuzi anisaidie kuvitambua kabla sijavibandikia majina yasiyo yake. Niliviokota kwenye lundo la kifusi cha mgodi wa zamani uliochimbwa ndani ya pegmatiti, yaani ule mwamba wa jamii ya itale wenye chembe kubwa kubwa, na mwenye leseni ya eneo hilo ndiye aliyeniruhusu kuingia.

Kipande cha kwanza ndicho kizuri kuliko vyote. Ni pande la ulanga la ukubwa wa kiganja, rangi yake ni waridi inayoelekea zambarau, linametameta, na kurasa zake hubanduka moja moja kwa ukucha hadi mwanga unapenya upande wa pili. Cha pili ni donge lisilo na umbo, la zambarau iliyofifia kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Kwa macho matupu unaweza kudhani ni sukari iliyoshikana, lakini kwa lenzi yanaonekana magamba madogo mno yaliyosongamana, na katikati yake mna vijiti vya waridi vilivyotawanyika kama njiti za ufagio. Cha tatu ni cha kijivu chenye mng'ao wa lulu, nami sikukichukua kwa uzuri wake bali kwa sababu kilikuwa kimeng'ang'ania ubavuni mwa kile cha pili.

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba cha kwanza ni lepidoliti, ule ulanga wenye lithiamu, kwamba cha pili ni lepidoliti iliyochanganyika na kitu kingine, na kwamba cha tatu ni ulanga wa kawaida tu. Kujiamini huko kuliingia ufa nilipokisugua kile cha pili kwa brashi ngumu chini ya maji yenye kasi: kona nzima ilimomonyoka, na beseni likabaki na magamba ya zambarau yanayoelea mithili ya magamba ya samaki. Tangu hapo sijathubutu kugusa vilivyobaki. Naomba kufahamishwa ni vipimo gani mtu asiye na maabara anaweza kuvifanya na kuviamini, na vipande vya namna hii husafishwa na kutunzwa vipi bila kuvimaliza.

Mwalimu wa Miamba

Ndugu Msakamawe, salaam. Nianze na jambo linalowakwaza wengi: rangi ya zambarau haitokani na lithiamu. Lithiamu haiyapi madini rangi yoyote. Kinachoutia ulanga huo waridi au zambarau ni manganisi, tena kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo ulanga wenye lithiamu nyingi na manganisi haba unaweza kuwa wa kijivu, wa manjano hafifu, au usiwe na rangi kabisa, ilhali ulanga wa kawaida, yaani muskoviti, ukiingiwa na manganisi hugeuka waridi ya kupendeza huku ukiwa hauna lithiamu ya kutajwa. Mfano unaojulikana ni mgodi wa Harding katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, ambako lepidoliti na muskoviti ya waridi hupatikana katika pegmatiti moja, na mtu anayetazama rangi peke yake huzichanganya kirahisi.

Kwa sababu hiyo, katika vipande vyako vitatu, ninachokitilia shaka ni kile unachokipenda.

Kwanza hakikisha kwamba unachoshika ni ulanga. Bandua ukurasa mmoja mwembamba, uupinde taratibu kwa kibano, kisha uuachie. Ulanga hujirudi na kunyooka kama mwanzo. Yapo madini mengine ya kurasa, kloriti yenye kromu, ambayo nayo ni ya zambarau na hupasuka kwa kurasa vilevile, lakini ukiikunja hubaki imekunjika. Tena makao yake ni miamba ya serpentini yenye kromiti, si pegmatiti. Mawe mengine ya zambarau yanajitenga yenyewe. Amethisto haina kurasa, na kwa kuwa ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni gumu kabisa), huikwaruza chupa bila shida. Floriti ina ugumu wa 4 na hupasuka kwa kufuata mielekeo minne, hata ukaweza kupata vipande vinavyofanana na piramidi mbili zilizounganishwa kwenye vitako. Kunziti, ambayo ni spodumeni ya waridi na kwa hakika ina lithiamu, ni ndefu, ina michirizi ubavuni, na ugumu wake ni kati ya 6.5 na 7. Lepidoliti iko chini sana ya hizo, kati ya 2.5 na 3.5, kiasi kwamba ukucha huacha alama kwa shida au usiache kabisa, lakini ncha ya kisu huingia pasipo kutumia nguvu.

Hapo kuna mtego mmoja unaolihusu donge lako la pili. Lepidoliti ya chembe ndogo mara nyingi huwa imefumwa pamoja na kwatzi na albiti, yaani feldispari nyeupe, na ukipitisha sindano juu juu itagonga albiti, ambayo ugumu wake ni 6, nawe utahitimisha kwamba jiwe lako ni gumu mno kuwa ulanga. Chagua gamba moja kwa lenzi, ulijaribu hilo peke yake.

Baada ya hapo watazame majirani, kwa maana lepidoliti haiji pasipo wenzake. Magma ya itale, yaani mwamba ulioyeyuka, inapokaribia kumaliza kuganda, kimiminika kinachosalia huwa kimelimbikiza vitu ambavyo kwatzi na feldispari za mwanzo hazikuvipa nafasi: maji, florini, boroni, lithiamu, rubidiamu na sesiamu. Pegmatiti za aina hiyo huganda kwa kanda, kutoka ukutani kuelekea ndani, na lepidoliti huzaliwa mwishoni mwishoni, ndiyo maana hukaa karibu na kiini cha kwatzi, ikiandamana na albiti nyeupe ya mabamba, turmalini ya waridi au ya kijani, berili ya waridi, spodumeni na ambligoniti. Muskoviti, kwa upande wake, inaweza kukutwa karibu popote katika mwamba huo, kuanzia ukutani. Vile vijiti vya waridi vilivyotawanyika kama njiti za ufagio ni turmalini, na mgodi wa Stewart huko Pala, California, unafahamika kwa vipande vya sura hiyohiyo: turmalini ya waridi iliyochanua ndani ya lepidoliti ya chembe ndogo. Donge lako la pili, hata baada ya kupoteza kona, ndilo ninaloweza kuliitia jina nikiwa nimekaa huku bila kuliona. Hicho cha kijivu kilichokuwa kimeling'ang'ania usikitupe.

Tindo na Nyundo

Naunga mkono maelezo ya Mwalimu, na ningependa kuongeza kipimo kimoja ambacho wachimbaji wa zamani walikitegemea kabla ya vifaa vya betri, nacho ni moto.

Bandua kipande chembamba kisichozidi punje ya mchele, ukishike kwa kibano safi, na upeleke ukingo wake kwenye sehemu kali ya mwali wa buluu wa gesi. Lepidoliti huyeyuka upesi: ukingo unavimba, unatoa viputo, unajikunja na kuwa kishanga cheupe au cha kijivu, na wakati huohuo mwali ulio juu yake unageuka mwekundu wa damu ya mzee. Wekundu huo ndio lithiamu. Muskoviti ukiipeleka kwenye mwali uleule hufifia, hupoteza ung'avu wake na kutengana kurasa, lakini kuyeyuka ni kwa taabu kubwa, pengine ukingo ulio mwembamba kabisa tu ndio unaolegea. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ya kuyeyuka ina thamani kuliko hata rangi ya mwali, kwa sababu jicho hudanganyika kwa rangi, lakini kishanga kilichoyeyuka kinabaki mkononi na unaweza kukikagua kwa lenzi kesho yake.

Mara yangu ya kwanza niliona manjano matupu, nikakitupa kipande ambacho baadaye niligundua kilikuwa lepidoliti safi. Kosa lilikuwa vidole vyangu. Jasho lina chumvi, chumvi ina sodiamu, na sodiamu hata kidogo sana hutoa mwali wa manjano mkali unaofunika rangi nyingine zote. Choma kwanza ncha za kibano zikiwa tupu mpaka mwali uwe safi, na ukurasa unaoupima usiuguse kwa mkono. Fanya hivyo penye giza kiasi lakini mahali penye hewa inayopita, kwa sababu ulanga huu una florini, na ukiuchoma hutoa moshi usiofaa kuvutwa. Punje moja nje ya nyumba haina neno. Kuchoma konzi nzima ndani ya chumba kilichofungwa ni upumbavu.

Kuhusu kukusanya kwenyewe, nakupongeza kwa kuomba ruhusa, maana wako wanaoona mgodi uliotelekezwa wakadhani hauna mwenyewe. Ukirudi kwenye lundo, nenda asubuhi inayofuata usiku wa mvua. Mvua huosha vumbi, na jua likiwa chini kila gamba la ulanga hurudisha mwanga kama kioo, hivyo unaweza kusimama mahali pamoja na kuhesabu sehemu za kwenda kuchimbua. Fuata vipande vya kwatzi nyeupe au ya moshi vilivyoambatana na albiti ya mabamba. Ukiona hivyo vimetupwa pamoja, aliyemwaga kifusi hicho alikuwa akichimba karibu na kiini. Usijiingize chini ya ukuta unaoning'inia, na mashimo ya zamani yaache kabisa, kwani ndani yake hewa inaweza kuwa imekufa bila harufu yoyote ya kukuonya. Unapogonga kwatzi vaa miwani ya kinga, na ulowanishe jiwe kabla ya kulipasua, kwa sababu vumbi la kwatzi likiingia mapafuni halitoki.

Ukikuta vijiti vya turmalini ndani ya lepidoliti, usipige karibu navyo hata kama vinaonekana kukuita. Turmalini ni ngumu lakini ina nyufa za kukatisha, na ulanga unaoizunguka ni laini, basi kila pigo linapita ndani ya ulanga kama ndani ya mto wa pamba na kuishia kukivunja kijiti. Weka tindo mbali, upasue mwamba wa pembeni, na uondoke na pande kubwa kuliko unalolihitaji. Kulipunguza utalipunguza nyumbani, likiwa limelala juu ya mfuko wa mchanga.

Binti Mwamba

Nawaheshimu waliotangulia, lakini kuna mahali ningependa tusikimbie. Ndugu Tindo anasema wekundu huo ndio lithiamu, na ni kweli, ila mwali mwekundu unakuambia kwamba lithiamu imo, haukuambii imo kiasi gani. Kati ya muskoviti na lepidoliti kuna ulanga wa katikati ambao una lithiamu ya kutosha kutia mwali rangi huku muundo wake ukiwa bado ni wa muskoviti. Vilevile ukurasa uliobanduliwa kutoka kipande kimoja unaweza kuwa na vumbi la jirani yake. Kwa hiyo rangi ya mwali, kuyeyuka na majirani vikikubaliana, andika lepidoliti bila woga. Kimojawapo kikikataa, andika "ulanga wenye lithiamu" na uishie hapo mpaka upate kipimo cha maabara.

Nalisema hili kwa sababu jina lenyewe ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Tangu uainishaji wa jamii ya ulanga uliotolewa mwaka 1998 chini ya chama cha kimataifa cha madini, lepidoliti si tena jina la spishi moja. Ni jina la mfululizo wa ulanga wa rangi nyepesi ulio kati ya spishi mbili, trilithioniti na polilithioniti, au karibu na mstari unaoziunganisha hizo mbili, na mtu akitaka kujua kipande chake kimeangukia upande gani hana budi kupata uchambuzi kamili wa kemikali. Polilithioniti iliyo safi kabisa ina oksidi ya lithiamu takriban asilimia 7.7, na vipande halisi huwa chini ya hapo. Kwa kibandiko cha mkusanyaji, "lepidoliti" inatosha na ni sahihi, mradi ajue kwamba ameandika jina la ukoo, si la mtu.

Kuhusu vifaa: mwaka jana nililetewa karatasi ya majibu ya kipande cha zambarau kilichopimwa kwa ile bunduki ya mionzi ya eksi inayoshikwa mkononi, na mwenye jiwe alikuwa amekata tamaa kwa sababu karatasi haikutaja lithiamu. Kifaa hicho hakiwezi kuiona lithiamu, kwani ni elementi nyepesi mno na mionzi inayotoa ni dhaifu kiasi kwamba haifiki kwenye kipokezi. Lakini karatasi hiyohiyo ilionyesha rubidiamu kwa wingi, sesiamu kidogo na manganisi, tena chuma kilikuwa haba. Mkusanyiko huo katika ulanga uliotoka kwenye pegmatiti ni dalili nzito, na kipande kilipopimwa baadaye kwa kifaa cha leza kinachounguza nukta ndogo na kusoma mwanga wake, lithiamu ilijitokeza waziwazi. Basi mtu asiuziwe kipimo cha mionzi ya eksi kama hukumu ya mwisho, wala asikitupe kama hakina faida.

Huo uhusiano na rubidiamu una historia ninayoipenda. Lepidoliti ilipewa jina hilo na mkemia Martin Klaproth mwaka 1792, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gamba, kwa vielelezo vya Rožná huko Moravia, katika nchi inayoitwa Ucheki leo. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kiitwacho lithiamu. Mkemia Arfwedson aliigundua mwaka 1817, tena ndani ya madini mengine yaitwayo petaliti, ndipo akaikuta na katika lepidoliti. Halafu mwaka 1861 wanasayansi Bunsen na Kirchhoff, wakiwa na kifaa chao cha kuchanganua mwanga, waliona katika lepidoliti mistari miwili ya wekundu uliokolea ambayo haikuwa ya elementi yoyote iliyojulikana, wakaiita rubidiamu. Ili kupata kiasi kidogo cha kuichunguza, waliuchakata ulanga huo kilo 150. Ndugu Msakamawe alipoona magamba yakielea kwenye beseni na kukumbuka samaki, alikuwa anatembea njia ya Klaproth bila kujua.

Na kwa kuwa wako wanaoliuza jiwe hili kama dawa ya usingizi na wasiwasi kwa hoja kwamba lithiamu hutumiwa hospitalini: dawa hiyo ni chumvi ya lithiamu, aghalabu kaboneti, inayotolewa kwa kipimo na daktari anayefuatilia damu ya mgonjwa. Lithiamu iliyo ndani ya ulanga imefungwa kwenye matabaka ya fuwele na haitoki kwa kushikwa mkononi wala kuwekwa chini ya mto. Jiwe hili lisiwekwe kwenye maji ya kunywa hata kidogo.

Msakamawe

Nawashukuru wote. Nimefanya mlivyoelekeza, na nimeona haya kidogo.

Nilianza na kupinda. Vyote vitatu ni ulanga, kurasa zinajirudi, ingawa kwa donge la pili ilibidi nitumie lenzi na ncha ya sindano kupata gamba moja la kutosha. Kisha nikatoka nje jioni, nikachoma kibano hadi mwali ukawa safi, nikapeleka ukurasa wa kile kipande cha kwanza, cha waridi, cha kupendeza. Haukuyeyuka. Ulipauka, ukapoteza mng'ao, ukajigawa kama kitabu kilicholowa na kukauka, na mwali haukuonyesha chochote zaidi ya manjano ya kupita. Nilirudia mara tatu kwa kurasa tatu, kwa sababu moyo ulikuwa unakataa. Kwa majuma mawili nimekuwa nikikivika kilemba cha ukoka.

Donge la pili lilifanya kama alivyosema Ndugu Tindo: viputo, kishanga, na wekundu uliodumu kwa muda ambao ningeweza kuhesabu hadi tano. Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni kile cha kijivu. Ukingo wake uliyeyuka haraka kuliko hata lile donge, na wekundu wake ulikuwa mkali zaidi. Nikamkumbuka Dada Binti Mwamba na onyo lake la vumbi la jirani, nikakigeuza na kuchukua ukurasa kutoka upande wa nyuma, mbali na mahali kilipokuwa kimeshikana na donge. Jibu likawa lilelile.

Wakati wa kuvigeuza vipande niliona jambo jingine ambalo sina maelezo yake. Kipande cha kwanza, ukikitazama kwa juu kikiwa kimelala, kina umbo la pembe sita lisilokamilika, na pembezoni mwake kuna ukanda mwembamba wa zambarau iliyokolea kuliko katikati, upana wake kama unene wa shilingi. Kurasa nilizochoma nilizitoa katikati. Je, nichome na ukingo?

Mwalimu wa Miamba

Choma ukingo, ila chukua kijipande kidogo kutoka upande uliokwisha kuvunjika, usikiharibu kipande. Unachokieleza ni jambo linalojulikana katika pegmatiti za lithiamu: muskoviti huanza kukua kimiminika kikiwa bado hakijalimbikiza lithiamu ya kutosha, kisha lithiamu inapozidi, ulanga huendelea kukua juu ya kingo zilezile, kurasa zikiwa zimelingana, lakini sasa ni lepidoliti. Matokeo yake ni kitabu kimoja chenye moyo wa muskoviti na pindo la lepidoliti. Pindo hilo likiyeyuka na kutoa wekundu ilhali katikati kumekataa, basi una kipande kinachoonyesha mwamba ukibadilika ulipokuwa ukiganda, na mimi binafsi ningekibadilisha kwa madonge kumi ya zambarau tupu.

Kuhusu cha kijivu, hicho ndicho nilichoogopa kwamba utakitupa. Manganisi ni haba, lithiamu ipo. Katika migodi mikubwa ya lepidoliti, kama ile ya Karibib nchini Namibia, Bikita nchini Zimbabwe au Yichun katika jimbo la Jiangxi nchini China, mchimbaji anayefuata lithiamu haifuati zambarau peke yake, na mkusanyaji naye asiifuate peke yake.

Tindo na Nyundo

Swali lako la kusafisha na kutunza lilibaki nyuma, nami nilipaswa kulijibu mapema, pengine ile kona ingenusurika.

Usitumie tena maji yenye kasi wala brashi ngumu. Nguvu ya maji hupenya kati ya kurasa na kuzifungua kutoka ndani, na mashine zile za kusafisha kwa mtetemo wa sauti hufanya vivyo hivyo kwa haraka zaidi. Anza na brashi laini ya rangi ikiwa kavu, ukiipitisha kufuata mwelekeo wa kurasa, kamwe usiende kinyume chake. Udongo uliokwama uondoe kwa kijiti cha meno kilichochongwa. Ikilazimu maji, yawe ya vuguvugu, kwa muda mfupi, kisha ukilaze kipande kivulini kikauke polepole kwa siku kadhaa. Ukikianika juani au karibu na moto, maji yaliyobaki kati ya kurasa yatatafuta njia ya kutoka na yatazisukuma. Dawa za asidi za kuondoa kutu, ambazo watu huzitumia kwa kwatzi, ziepuke, kwa sababu huingia kati ya kurasa na hazisuuziki zikaisha, na baada ya miezi utaona madoa mapya ambayo hayakuwapo.

Kingo zinazopukutika zinaweza kushikwa kwa tone dogo la gundi inayoyeyuka tena kwa asetoni, iliyofanywa nyepesi sana na kudondoshwa kwa ncha ya sindano, ili atakayekuja baada yako aweze kuitoa akitaka. Usikipake kipande kizima vanishi. Kiweke kwenye kisanduku chenye kifuniko, juu ya karatasi laini, si pamba, maana nyuzi za pamba hunasa kwenye magamba na kila ukikitoa unaondoka na machache. Donge lenye turmalini lilaze upande ulio mpana, usilisimamishe kwa ajili ya kulionyesha.

Na kibandiko kiandike leo, kabla hujasahau kipi kilikuwa ubavuni mwa kipi.

Msakamawe

Nimechoma kijipande cha pindo kutoka upande uliovunjika. Kimevimba, kimetoa viputo, na mwali umekuwa mwekundu. Moyo wake ulikataa tena, mara ya nne.

Vibandiko nimeviandika hivi, naomba mnirekebishe nikikosea. Cha kwanza: "Muskoviti ya waridi yenye pindo la lepidoliti, moyo haukuyeyuka, pindo limeyeyuka kwa mwali mwekundu." Cha pili: "Lepidoliti ya chembe ndogo pamoja na turmalini ya waridi na albiti, kona ilipotea wakati wa kuosha." Cha tatu: "Lepidoliti ya kijivu, ilitoka ubavuni mwa kipande namba 2." Nyuma ya kila kimoja kuna tarehe, sehemu ya lundo nilipokiokota, na jina la aliyeniruhusu. Magamba ya beseni nimeyachuja, nimeyakausha kwenye karatasi, na nimeyatia kwenye kichupa kidogo chenye namba 2 pia.

Binti Mwamba

Hakuna cha kurekebisha, ila kwenye kibandiko cha tatu ongeza kwamba kimepimwa kwa moto pande mbili. Na hicho kichupa kitunze vizuri: ukipata maabara siku moja, sampuli ya uchambuzi utakuwa nayo tayari bila kuvunja tena chochote.